Chunjua: weka wembe chini, uwe na subira

Chunjua ya unyayo huwa na vidoti vyeusi katikati, vidogo kama ncha ya sindano. Vidoti hivyo vimewaponza watu wengi hapa Kampala, hasa waliokulia Busoga au Karamoja, ambako kutoana funza ni jambo la kawaida nyumbani. Mtu akiviona huchukua pini, akachokonoa, damu ikamtoka bila funza kuonekana. Vile ni vimishipa vya damu vilivyoganda ndani ya nyama iliyoota. Anayechokonoa husambaza ugonjwa kwenye ngozi iliyo jirani, na baada ya miezi michache chunjua moja imezaa nyingine tatu au nne kuizunguka.

Huu ni ugonjwa wa virusi. Mwaka 1907 daktari Mwitaliano Giuseppe Ciuffo alichuja majimaji ya chunjua hadi bakteria wasiweze kupita, akajidunga, na chunjua zikamwota. Leo tunavijua virusi hivyo kwa jina la HPV, vyenye aina zaidi ya 200, na kila aina ina mahali inapopenda. Aina ya 1 hupatikana sana kwenye nyayo, ya 2, 27 na 57 kwenye vidole na mikono pia, ya 3 na 10 huleta zile bapa za usoni. Aina ya 6 na 11 ndizo zinazoleta masundosundo ya sehemu za siri. Aina ya 16 na 18 ni hatari zaidi, kwa kuwa ndizo chanzo kikuu cha saratani ya mlango wa kizazi, lakini hizo sizo zinazokuotesha chunjua kidoleni. Chura hahusiki, na uchawi hauhusiki.

Virusi huingia kupitia mchubuko mdogo au ngozi iliyolainishwa na maji, vikashuka hadi tabaka la chini la ngozi na kuzifanya seli zake ziongezeke kupita kiasi. Ngozi inakuwa nene, ngumu, yenye kukwaruza juu. Hilo huchukua miezi, kwa hiyo ni vigumu kukumbuka ulivipata wapi. Havizunguki kwenye damu hata kidogo. Anayekuuzia dawa ya kusafisha damu ili chunjua ziishe anakula pesa yako bure.

Mahali pa kuambukizwa mjini ni pengi. Kuna bafu moja linalotumiwa na wapangaji wa nyumba nzima, na kuna mabweni ya wanafunzi kuzunguka Makerere. Kuna mashine ya kinyozi inayopita kidevu hadi kidevu bila kusafishwa, na vijana wanaopita na vikapu vya rangi ya kucha, ambao kifaa chao kilekile cha kukwangua visigino hutumika kwa mteja wa asubuhi na wa jioni. Oga na kandambili, nenda saluni na vifaa vyako, na kama una chunjua kidevuni usinyoe kwa wembe hadi zipone. Wembe huzitawanya.

Jambo ambalo wagonjwa hawapendi kulisikia ni kwamba chunjua nyingi huisha zenyewe. Kwa watoto, karibu theluthi mbili hupotea ndani ya miaka miwili, kinga ya mwili inapovitambua virusi. Kwa watu wazima huchukua muda mrefu zaidi. Kama haikuumi wala haikukeri, kuiacha ni uamuzi wa busara.

Ukitaka kuitibu, anza na asidi ya salisiliki kutoka duka la dawa. Ni dawa ya kawaida sana, na ina ushahidi mzuri kuliko nyingi zinazosifiwa zaidi. Loweka mguu au mkono kwenye maji ya uvuguvugu kwa dakika kumi. Sugua ngozi iliyokufa kwa jiwe la miguu, ambalo halitatumiwa na mtu mwingine. Paka mafuta ya mgando kuzunguka chunjua ili kukinga ngozi nzima, kisha tia tone la dawa katikati na uache likauke. Fanya hivyo kila siku hadi wiki 12. Wengi hukata tamaa wiki ya tatu, kisha husema dawa haifai. Usiitumie usoni wala sehemu za siri, na mwenye kisukari asiiguse miguuni bila kuongea na daktari.

Ikishindikana, ipo njia ya kugandisha kwa nitrojeni ya kimiminika, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Inafaa, hurudiwa kila baada ya wiki mbili au tatu, lakini ngozi yetu nyeusi hubaki na baka jeupe au jeusi kwa muda mrefu. Mwambie daktari mapema kama hilo linakuhofisha. Maji ya betri, utomvu wa miti na kitunguu saumu kilichopondwa huunguza, na kovu la kuungua halifutiki. Krimu za kung'arisha ngozi zenye steroidi nazo hudhoofisha kinga ya ngozi, na zile chunjua bapa za usoni huenea.

Chunjua nyingi zinazotokea ghafla kwa mtu mzima na kukataa kila dawa ni sababu ya kupima VVU. Kwa masundosundo nenda hospitali moja kwa moja, hasa ukiwa mjamzito, kwani podofilini inayouzwa kwa ajili yake haifai kwa mimba. Uganda imekuwa ikiwachanja bure wasichana wa miaka 10 dhidi ya HPV nchi nzima tangu 2015, na mzazi asiache nafasi hiyo ipite. Ila chanjo hiyo ililenga saratani, na chunjua za vidoleni si kazi yake.

Nimalizie na unyayo, kwa kuwa si kila doa jeusi la huko ni chunjua. Mwaka 1967 mwanapatholojia M. G. Lewis alichapisha utafiti wake kuhusu melanoma nchini Uganda, saratani ya ngozi ambayo kwetu hupenda zaidi nyayo. Bob Marley alifariki 1981 kwa melanoma iliyoanzia kwenye kidole gumba cha mguu. Chunjua ina vidoti. Melanoma mara nyingi ni doa jeusi linalotanuka, lenye kingo zisizo sawa, au kidonda kisichopona. Ukiliona doa la namna hiyo, usipake kitu, usikate. Nenda kliniki ya ngozi ya Hospitali ya Mulago, au hospitali yoyote yenye daktari wa ngozi, wiki hiyohiyo.