Nouveau (kiendeshi)

Nouveau ni kiendeshi huria cha kadi za michoro za kampuni ya Nvidia kwa kompyuta zinazotumia Linux. Jina lake ni neno la Kifaransa lenye maana ya "mpya".

Kiendeshi ni programu inayouwezesha mfumo wa uendeshaji kuwasiliana na kifaa cha kompyuta. Kwa kuwa Nvidia haikutoa hadharani maelezo ya kutosha kuhusu kadi zake, wajitoleaji waliyatafuta wenyewe kwa kuchunguza amri ambazo kiendeshi cha kampuni hiyo kilizituma kwenye kadi. Nouveau kiliingizwa katika kiini cha Linux toleo la 2.6.33, lililotoka Februari 2010.

Kuanzia kadi za GeForce 900 za mwaka 2014, programu za ndani ya kadi zilihitaji saini ya kidijitali ya Nvidia. Hivyo Nouveau hakikuweza kupandisha kasi ya kadi hizo.

Mwaka 2022 Nvidia ilitoa msimbo huria wa sehemu ya kiendeshi chake inayofanya kazi ndani ya kiini, kwa kadi za Turing za mwaka 2018 na zilizofuata. Tangu Linux 6.7 ya Januari 2024, Nouveau kinaweza kupandisha kasi ya kadi hizo kwa kutumia programu ya ndani iliyotolewa na Nvidia.

Kadi za katikati, kama vile GeForce 1000 za mwaka 2016, hazikunufaika. Wenye kadi hizo wanaotaka kasi kamili hutegemea kiendeshi funge cha Nvidia. Kampuni ikiacha kukitunza, kadi huweza kuwa nzima lakini ikabaki ya polepole.