Zebaki ya dhahabu: dawa peke yake haitoshi

Katika machimbo ya dhahabu ya Fizi, kama kule Misisi, kuna wanaotumia zebaki, ile wengi wanaita merkire. Inashika chembe za dhahabu, kisha donge linachomwa juu ya mbabula. Dhahabu inabaki, zebaki inageuka mvuke. Mvuke huo hauna rangi wala harufu. Mtu akiuvuta, karibu 80 kwa 100 ya zebaki yake inabaki mwilini. Kama unachomea jikoni, mama na watoto wanavuta pia, na kwa mama mjamzito unafikia mtoto tumboni.

Baadaye mikono inatetemeka, usingizi unapotea, mtu anasahau na kukasirika ovyo. Je, kuna dawa?

Ndiyo, ipo. Inaitwa dawa ya kelesheni, jina lililotokana na neno la Kigiriki lenye maana ya gando la kaa. Kama kaa anavyobana kitu, dawa inabana metali ndani ya mwili, kisha vyote viwili vinatoka kwa mkojo. Lakini gando hilo halichagui vizuri: linaweza kubeba pia shaba na zinki ambazo mwili unazihitaji. Ndiyo maana haitumiwi bila daktari, wala hainunuliwi sokoni kama dawa ya "kusafisha damu".

Kwanza ni kupima. Mkojo unaonyesha zebaki ya mvuke. Nywele zinaonyesha zaidi ile ya kwenye samaki. Chupa iwe safi kabisa, sababu kinachotafutwa ni kidogo sana: kinahesabiwa kwa sehemu za milioni za gramu. Na mkojo uchukuliwe kabla ya dawa. Ukichukuliwa baada ya dawa, metali inaonekana nyingi hata kwa mtu mzima wa afya, na anaweza kutibiwa bure.

Mwaka 2010, kule Zamfara, Nijeria, watoto zaidi ya 400 walikufa kwa risasi iliyokuwa ndani ya mawe ya dhahabu yaliyosagwa nyumbani. Madaktari Wasio na Mipaka walitumia dawa ya kelesheni, lakini nyumba zilisafishwa kwanza. Mtoto akirudi kwenye vumbi lile lile, dawa imefanya kazi bure.

Kwa Fizi na Baraka ni vile vile. Usichomee donge ndani ya nyumba. Tumia chombo kilichofungwa kinachorudisha mvuke kuwa zebaki. Hata mfuko unafaidika, sababu zebaki hiyo inatumika tena. Na ukiona dalili, mwambie muganga wa kituo cha afya wazi kwamba unachoma dhahabu. Asipojua hilo, hatafikiria zebaki.