Tusile Mbegu ya Mto

Katika nchi yetu ya Upare maji huanzia juu, penye ukungu wa msitu wa Shengena, mlima wenye mita 2,462. Mito kama Yongoma na Hingilili hushuka toka milimani hata nchi tambarare ya mashariki. Mvua zikikosa kunyesha, vijito hukatika, vikabaki vidimbwi tu.

Sisi tulikiona kidimbwi cha namna hiyo mwaka mmoja wa ukame. Maji hayakufika magotini, nao perege na kambare wamesongamana humo. Vijana wakatwanga majani ya utupa, wakayatia majini. Hatukuwakataza, jioni ile tulikula kitoweo pamoja nao. Lakini masika ilipokuja na kijito kujaa tena, hatukuona samaki hata mmoja. Ndipo tulipofahamu ya kuwa tulikuwa tumekula mbegu.

Yatupasa kujua tabia ya perege. Jike huatamia mayai yake kinywani, na watoto wake wakiogopa hukimbilia humo humo. Basi amwuaye mama mmoja ameua kizazi kizima. Tena maji yakipata joto hupungukiwa na hewa. Kwa hiyo mti utiao kivuli kandokando ni uhai wa samaki, na aukataye huwaua bila kuwagusa.

Wazee wetu walikuwa na busara katika jambo la maji. Walichimba ndiva, wakazijaza usiku na kuzifungua asubuhi, kila mtu akapata maji kwa zamu yake. Nazo zilitengenezwa kwa msaragambo, yaani kazi ya watu wote. Basi mto nao upewe zamu yake. Tusiyazibe maji yote, bali tuache mkondo upite, uwafikie samaki na ndugu zetu walio chini.

Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 yakataza kuvua kwa sumu, na Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yalinda mita 60 toka ukingo wa mto. Lakini askari hawezi kukesha penye kila kidimbwi. Mlinzi ni sisi wenyewe.

Kwa hiyo, enyi wazazi, ukame ukija, chagueni katika kila kijito kidimbwi kimoja chenye kina, mpatane kisiguswe kwa wavu, wala ndoana, wala utupa, hata mvua zirudi. Mkulima mwenye njaa haipiki mbegu yake ya mahindi. Nasi tufanye vivyo hivyo kwa samaki, ili watoto wetu nao wapate kitoweo.