Sauti Tumpayo Mnyama

Pita katika mji wowote hapa Butula wakati wa asubuhi, ukasikilize. Mama mwenye mji anamsalimu jirani kwa sauti yake ya kawaida. Mara anageuka kuwatupia vifaranga mtama, na sauti yake huwa nyembamba na laini. Mzee angurumaye katika baraza la chifu, afikapo kwake humwambia mbwa maneno matamu ambayo watoto wake hawajapata kuyasikia. Je, ni kwa sababu gani sauti ya mtu hubadilika mbele ya mnyama?

Wako wasemao kuwa huo ni upuzi mtupu. Lakini wataalamu wameuchunguza kwa makini. Mwaka 2002 wataalamu wa Australia walitangaza habari za akina mama 12 ambao sauti zao zilinaswa walipozungumza na watoto wao wachanga, na mbwa au paka wao, na watu wazima. Ilionekana kwamba mama huinua sauti na kuijaza upendo kwa mtoto na kwa mnyama vilevile. Lakini irabu za maneno alizitamka kwa ufasaha zaidi kwa mtoto peke yake. Ni kana kwamba moyo wake wajua, pasipo yeye kufikiri, ya kuwa mtoto atajifunza kusema, bali paka hatasema kamwe.

Na mnyama je, hutambua? Uchunguzi wa mwaka 2017 ulionyesha kuwa watoto wa mbwa huivutiwa sana sauti hiyo nyembamba, lakini mbwa wazima hawakuijali zaidi ya nyingine. Mwaka uliofuata, huko York, Uingereza, ilionekana kwamba mbwa mzima naye huipenda, mradi ichukuane na maneno yamhusuyo, kama vile chakula na matembezi.

Mambo haya yana faida kwa mkulima. Mtaalamu mmoja wa Marekani, Patricia McConnell, aliwasikiliza wafunzaji wa mbwa na farasi wa lugha nyingi. Aligundua kwamba karibu wote, wakitaka mnyama aende, hutoa sauti fupi fupi za kurudia. Wakitaka atulie au asimame, huivuta sauti moja ndefu. Basi wewe ulimaye kwa plau, fikiri. Kijana anayepiga kelele ile ile moja kwa kwenda, kwa kupinda na kwa kusimama, huwachanganya maksai, kisha huwachapa kwa kosa lisilo lao. Ng'ombe aliyejaa hofu huvuta kombo, na mtaro hupotoka. Chagua sauti moja kwa kila kazi, usiibadilibadili, na watu wote wa mji waitumie hiyo hiyo. Kiboko kitapata likizo.

Jambo la mwisho ni la nyumbani. Ikiwa sauti ya upole yamfaa mbwa, ambaye hapati neno hata moja la kusema, yamfaa zaidi mtoto, ambaye kila neno analolisikia ni mbegu. Asiyeambiwa lolote ila amri na makemeo, atavuna nini? Upole wa sauti haununuliwi sokoni Bumala. Kila mzazi anao, na mbwa wake ni shahidi.