Sigara na Unene: Kipi Kibaya Zaidi?

Wako wanaosema, "Heri kuvuta sigara kuliko kunenepa." Jamani, tuyapime maneno hayo.

Sigara haina kiasi cha salama. Moshi wake huleta saratani ya mapafu na ya koo, na huharibu moyo. Tumbaku huua hadi nusu ya watumiaji wasioiacha. Wanaovuta moshi huo chumbani, mke na watoto, hudhurika pia.

Unene wa kupita kiasi nao si dalili ya neema. Huleta shinikizo la damu, kisukari na maradhi ya moyo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2011 ulipima watu wazima 1,249 wa Kinondoni. Katika kila wanawake 100, kama 25 walikuwa wanene mno. Katika kila wanaume 100, ni 9 tu.

Basi sigara hudhuru zaidi. Lakini akina mama wengi hawavuti. Kwao adui wa karibu ni unene.

Mvutaji asiogope kuacha eti atanenepa. Kilo chache hazifikii madhara ya sigara. Mnene naye asivute ili akonde.

Tuache sigara. Tupunguze chipsi na soda. Tutembee kwa miguu. Tukapime shinikizo la damu kwenye zahanati.