Duka la Biashara ya Haki Hufanyaje Kazi?

Msusi wa Kumsenga anapopeleka kikapu mnadani, bei haiamuliwi na siku alizotumia kukisuka. Inaamuliwa na shida iliyomtoa nyumbani: dawa, daftari za mtoto, chumvi. Mchuuzi anajua mama huyu hatarudi nacho, basi hutaja bei yake na kupewa. Hakuna aliyeiba. Je, hiyo ni bei ya haki?

Papa Leo XIII aligusa swali hilo mwaka 1891 katika waraka wake Rerum Novarum: anayepokea ujira duni kwa kubanwa na shida anadhulumiwa, hata kama amekubali. Mwaka 1967 Papa Paulo VI, katika Populorum Progressio, aliipeleka hoja hiyo kwenye biashara kati ya mataifa tajiri na maskini.

Wengine walikuwa wamekwisha kuanza kwa vitendo. Mwaka 1946 Edna Ruth Byler, Mmenoni wa Marekani, alianza kuwauzia majirani zake vitambaa vilivyotariziwa na wanawake wa Puerto Rico; ndiyo asili ya maduka ya Ten Thousand Villages. Mwaka 1959 vijana Wakatoliki wa Kerkrade, Uholanzi, waliunda chama ambacho baadaye kiliuza kazi za mikono kutoka nchi maskini.

Duka la namna hii halimtajirishi mwenye hisa. Kinachobaki baada ya pango, usafiri na mishahara hurudi kununua mzigo mwingine. Watu wengi hutazama bei tu, lakini kwa maoni yetu jambo kubwa zaidi ni malipo ya awali. Kanuni za Shirika la Biashara ya Haki Duniani zinamtaka mnunuzi wa kazi za mikono atangulize angalau nusu ya fedha, bila riba, mzalishaji akiomba. Hivyo msusi hununua rangi bila kumkopa mchuuzi yuleyule atakayekuja kukitilia bei kikapu chake.

Bei nayo huanzia kwenye kazi. Tuchukue mfano: kikapu cha siku nne kikiuzwa shilingi 6,000, ni shilingi 1,500 kwa siku, na rangi bado haijatolewa. Linganisha na malipo ya kibarua wa shambani hapo kijijini, utajua kama msusi amelipwa au amechangia.

Jirani zetu wa Ngara, mkoani Kagera, wana WomenCraft, inayofanya kazi na wanawake wasusi wa Kitanzania pamoja na wakimbizi wa Burundi. Kupitia mpango wa MADE51 wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, kazi za wakimbizi hao hufikia wanunuzi wa nje.

Njia hii ina miiba yake. Duka la ng'ambo likiagiza vikapu 200 vya kipimo kimoja, linataka kipimo kimoja kweli, na kwa wakati. Tena mnunuzi wa mbali anaweza kutoweka: mwaka 2020 Ten Thousand Villages ya Kanada ilifunga makao yake makuu na maduka yake mengi. Kikundi chenye mteja mmodja tu kiko hatarini.

Kwa hiyo akina mama wa WAWATA wanaofikiria kuanza wasianze na Ulaya. Waanze na daftari la siku na gharama za kila kikapu, kisha wapeleke bei hiyo parokiani kwanza, kwa sababu vikapu vya matoleo na zawadi za jubilei hununuliwa kila mwaka.