Moshi Mweusi Katika Injini Mpya: Je, Mafuta Yamezidi au Hewa Imepungua?

Fundi amemaliza kuunda upya injini ya petroli yenye turbochaja. Pistoni ni mpya, ringi ni mpya, na kuta za silinda zimechongwa upya. Anapoiwasha, injini inaitika. Lakini ikibebeshwa mzigo, bomba la ekzosi linatoa moshi mweusi, petroli mbichi inanuka, na plagi zikifunguliwa zinakutwa zimefunikwa na masizi makavu. Injini inakula mafuta. Wazo la kwanza ni kuyapunguza. Katika makala haya tutaeleza kwa nini wazo hilo, ijapokuwa linaonekana kuwa la busara, laweza kuiangamiza injini hiyo.

Uwiano wa hewa na petroli

Petroli ni mchanganyiko wa haidrokaboni nyingi. Tukichukua oktani kuwa mfano, mwako uliokamilika huandikwa hivi:

2C₈H₁₈ + 25O₂ → 16CO₂ + 18H₂O

Mwanafunzi akikokotoa ataona kwamba gramu 114 za oktani huhitaji gramu 400 za oksijeni. Kwa kuwa oksijeni ni asilimia 23 hivi ya hewa kwa uzito, gramu moja ya oktani huhitaji takriban gramu 15 za hewa. Kwa petroli ya kawaida, kiasi hicho ni karibu gramu 14.7. Hewa ikipungua, sehemu ya kaboni hukosa oksijeni ya kutosha na kutoka ikiwa kaboni monoksaidi. Upungufu ukizidi, hutoka ikiwa masizi. Huo ndio moshi mweusi. Moshi wa buluu ni jambo jingine, kwani huo ni oili inayoungua.

Basi moshi mweusi peke yake hauthibitishi kwamba mafuta yamezidi. Unathibitisha tu kwamba uwiano umeharibika, na uwiano una pande mbili.

Kazi ya turbochaja

Turbochaja, ambayo Mswisi Alfred Büchi aliipatia hataza mwaka 1905, hutumia nguvu ya moshi unaotoka kuzungusha turbini. Turbini huzungusha kompresa, na kompresa huisukuma hewa kwa nguvu kuingia katika silinda. Hewa ikiwa nyingi, petroli nayo huongezwa. Katika injini nyingi za aina hii, hewa hupimwa kabla ya kufika kwenye kompresa, kisha kompyuta ya injini huamua kiasi cha petroli kwa kufuata kipimo hicho.

Hapa ndipo penye mtego. Tuseme kipimahewa kimehesabu kilo 12 za hewa, na kompyuta imetoa kilo 1 ya petroli. Uwiano wa 12 unafaa wakati turbochaja inasukuma kwa nguvu, maana petroli ya ziada husaidia kupoza chumba cha mwako. Lakini klipu ya mpira mmoja baada ya kompresa haikukazwa, na asilimia 20 ya hewa inavuja. Silinda zinapata kilo 9.6 tu za hewa kwa kilo ile ile ya petroli. Moshi unakuwa mweusi.

Fundi asiyeujua uvujaji huo anapunguza petroli hadi kilo 0.8. Uwiano unarudi 12, moshi unatoweka, naye anaridhika. Baadaye mtu mwingine anaiona klipu na kuikaza. Sasa kilo zote 12 za hewa zinakutana na kilo 0.8 za petroli, na uwiano ni 15. Chini ya shinikizo kubwa, joto hupanda kupita kiasi, mchanganyiko huweza kulipuka wenyewe kabla ya mwali wa plagi kuufikia, na pistoni hutoboka au kuyeyuka.

Hata hivyo, kuiacha injini mpya ikinywa petroli kupita kiasi nako ni hatari. Petroli isiyoungua huosha utando wa oili kwenye kuta za silinda na kuteremka hadi kwenye oili. Ringi mpya, ambazo bado hazijazoeana na kuta hizo, huweza kuharibika mapema. Kwa hiyo injini izimwe, oili ikaguliwe, na ikinuka petroli ibadilishwe kabla ya majaribio kuendelea. Aidha, majaribio yafanyike mahali palipo wazi, kwani kaboni monoksaidi huua.

Utaratibu wa kutafuta kasoro

Kwanza, kihakikishwe kipimo. Kipimaoksijeni kilichomo katika bomba la ekzosi hakioni petroli. Huona oksijeni tu. Tundu kwenye bomba hilo, mbele ya kipimo, huweza kuingiza hewa ya nje. Kompyuta hudhani petroli haitoshi, nayo huiongeza. Kipimajoto cha maji nacho kipimwe. Katika aina moja iliyoenea, ukinzani wake ni kama omu 2,500 kwenye nyuzi 20 za Sentigredi, na kama omu 300 kwenye nyuzi 80. Waya wake ukikatika, kompyuta nyingi hudhani injini ni baridi sana, na huimiminia petroli.

Pili, itafutwe hewa. Chujio liangaliwe. Kisha njia yote ya hewa izibwe, ijazwe hewa yenye shinikizo dogo, na viungo vipakwe maji ya sabuni. Mapovu yataonyesha tundu, kama fundi wa baiskeli anavyotafuta pancha. Mwalimu awaeleze wanafunzi jambo hili: tundu lililo baada ya vali ya hewa hufyonza hewa isiyopimwa injini ikiwa haina mzigo, na hutema hewa iliyokwisha kupimwa turbochaja inaposukuma. Tundu ni moja, dalili ni mbili zinazopingana.

Tatu, ndipo yafikiwe mafuta. Mtiririko katika nozeli hufuata kipeuo cha pili cha shinikizo: shinikizo likipanda kutoka baa 2.5 hadi 3.6, yaani mara 1.44, petroli huongezeka mara 1.2, kwa kuwa 1.2 × 1.2 = 1.44. Bomba la kurudisha mafuta likiziba, hilo hutokea. Mpira wa hewa wa kirekebisha shinikizo ukikutwa umelowa petroli, utando wake umepasuka. Mwisho, ihakikishwe kwamba nozeli ni za ukubwa ambao kompyuta imepangiwa.

Marekebisho ya kiasi cha petroli yaje baada ya hatua hizo zote. Fundi aliyeondoa moshi bila kujua chanzo chake ameondoa dalili tu, na kasoro ameiacha ndani ya injini.